Mtayarishaji wa hip hop anaponunua santuri ya zamani, hasa hununua nini?

BitiZaTemeke

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu. Nimekuwa nikitengeneza midundo ya hip hop kwa kompyuta kwa miaka minne sasa. Mwezi uliopita, baada ya kusikiliza kwa makini kazi za watayarishaji wa New York wa mwanzoni mwa miaka ya 1990, niliona kwamba nisipoanzia walikoanzia wao sitawaelewa kamwe, nikanunua pleya iliyotumika pamoja na santuri saba kutoka kwa muuzaji wa vitu vya zamani hapa Dar es Salaam. Santuri mbili ni za kwaya, tatu ni za orkesta za Ulaya za kuchezea dansi, moja ni singo, yaani santuri ndogo ya wimbo mmoja kila upande, ya bendi ya dansi iliyochapishwa Nairobi, na ya mwisho ni ya Grover Washington Jr., mpiga saksafoni wa Marekani, ambayo niliiweka pembeni mapema kwa sababu masikioni mwangu ilikuwa muziki laini wa kupokelea wageni hotelini.

Nimekaa nazo jioni tatu. Nasikiliza dakika ya kwanza ya kila wimbo, na nikiona hakuna kitu nanyanyua sindano na kwenda kwenye wimbo unaofuata. Sijapata hata kipande kimoja cha kukata. Isitoshe, sauti inatoka nyembamba mno na besi haisikiki kabisa, ingawa waya nimeuchomeka moja kwa moja kwenye kompyuta na hauna hitilafu.

Naomba mnisaidie kwa mambo mawili. Wale watu walikuwa wakitafuta nini hasa katika santuri, na walijuaje ya kununua kabla hawajaisikia? Je, kuna sababu ya kweli ya kuhangaika na santuri leo, wakati nyimbo zimejaa kwenye intaneti?

Mkaazi wa Yonkers

Kaka BitiZaTemeke, karibu sana. Nimeishi jimbo la New York muda mrefu, na jambo hili nalipenda kuliko ninavyoweza kueleza, kwa hiyo nivumilie nikirefusha maneno.

Walikuwa wananunua sekunde. Wimbo mzima haukuwa na umuhimu kwao, na hili halikuanza na watayarishaji, lilianza na madijei waliowatangulia. Katika jengo la namba 1520 Sedgwick Avenue, Bronx, ambako DJ Kool Herc alipiga muziki kwenye sherehe ya tarehe 11 Agosti 1973 inayohesabiwa kuwa siku ya kuzaliwa kwa hip hop, kijana huyo aliyetoka Jamaica alikuwa akiwaangalia wachezaji, akagundua kwamba wengi wao walikuwa wanaisubiri sehemu moja tu: pale waimbaji wanaponyamaza, vyombo vikapungua, na drams zikabaki zenyewe. Sehemu hiyo ndiyo breki. Kwa kuwa breki huisha upesi, alianza kutumia nakala mbili za santuri ileile kwenye pleya mbili, ili moja ikimaliza nyingine iianze upya. Alizilowesha santuri zake hadi lebo zikabanduka, ili mshindani akichungulia asijue ni wimbo gani. Fikiria maana yake: tangu mwanzo, kuijua santuri ambayo mwenzako haijui kulikuwa mtaji.

Mashine za kuchukua sampuli, yaani kunasa kipande cha rekodi na kukirudia, zilipopatikana kwa bei ambayo kijana wa mtaani angeweza kuifikia kwa kujinyima, kazi ileile ya Herc ikaingia ndani ya kisanduku. Watayarishaji wakaanza kuhodhi santuri kwa maelfu, zikipangwa katika kreti za plastiki za kubebea maziwa, na ndiyo maana kundi la Bronx la akina Diamond D, Lord Finesse, Showbiz na Buckwild lilijiita kwa jina la kuchimba ndani ya kreti. Katika maonyesho ya santuri yaliyokuwa yakifanyika Roosevelt Hotel, Manhattan, wanunuzi wa aina hii waliwahi asubuhi mapema na pleya ndogo za kubebea mkononi, kwa sababu aliyechelewa alikuta mabaki.

Sasa, walijuaje ya kununua? Walisoma majalada. Hili ndilo ningependa ulishike kuliko yote. Mgongoni mwa jalada hutazami jina la msanii peke yake. Tazama mwaka, maana kati ya mwisho wa miaka ya 1960 na katikati ya miaka ya 1970 drams zilirekodiwa kavu na karibu, bila mwangwi mwingi. Tazama studio, halafu mpiga drams, halafu aliyepanga muziki. Jina la David Axelrod likionekana kama mtayarishaji, santuri hiyo ilinunuliwa hata kama mwimbaji hajulikani na picha ya jalada haivutii, kwa sababu aliwapa wapiga drams na besi nafasi kubwa, kisha akaweka vinanda na fidla juu yao. Dr. Dre alipochukua mwanzo wa "The Edge", wimbo wa 1967 wa David McCallum, kwa ajili ya "The Next Episode" ya 1999, alikuwa amechukua kazi ya Axelrod kutoka katika santuri ya mwigizaji wa televisheni ambayo watu wengi wangeipita dukani bila kuigusa.

Nikupe mfano mwingine unaokuhusu moja kwa moja. Mwaka 1974 mpiga kinanda Bob James alitoa santuri yake "One", iliyorekodiwa katika studio ya Rudy Van Gelder, Englewood Cliffs, New Jersey. Wimbo wa mwisho wa upande wa pili unaitwa "Nautilus", na mpiga drams ni Idris Muhammad wa New Orleans. Wimbo huo uliowekwa mwisho kabisa, mahali ambapo wasikilizaji wengi huwa wameshainuka, umekuwa miongoni mwa nyimbo zilizochukuliwa sampuli nyingi zaidi katika hip hop. Mtu anayesikiliza dakika ya kwanza ya kila wimbo na kunyanyua sindano hawezi kuufikia moyo wake. Usikilize upande mzima, kaka. Kipande unachokitafuta kinaweza kuwa katikati ya dakika ya nne, mahali ambapo mpiga saksafoni amevuta pumzi.

Na usidharau santuri kwa sababu ya aina ya muziki wake. Mwaka 1992 mtayarishaji Pete Rock, kijana wa Mount Vernon, alitoa pamoja na rapa CL Smooth wimbo wa kumkumbuka rafiki yao Troy Dixon, aliyefariki mwaka 1990. Saksafoni inayolia ndani yake ni ya Tom Scott, kutoka santuri ya 1967 ambayo amepiga pamoja na kwaya iliyoimba kwa mtindo wa vijana wa California wa enzi hizo, na wimbo wenyewe ni marudio ya wimbo wa bendi ya rock ya Jefferson Airplane. Hakuna duka ambalo lingeiweka santuri hiyo karibu na hip hop. Pete Rock alisikia pumzi chache za saksafoni, akasikia msiba wake mwenyewe ndani yake. Mount Vernon ni jirani na mji ninaoishi, na kila basi linapokatiza mitaa yake mimi huusikia wimbo ule kichwani.

Fundi Sauti

Nianze na tatizo la besi, kwa sababu hilo si la santuri zako hata kidogo.

Santuri haihifadhi sauti kama unavyoisikia. Wakati wa kuichonga, besi hupunguzwa sana na sauti za juu hukuzwa, kwani besi ikichongwa kwa nguvu yake kamili mfereji ungepanuka kiasi cha kula nafasi ya santuri yote na sindano ingeruka. Kanuni ya upunguzaji na ukuzaji huo, inayoitwa RIAA, ilikubaliwa Marekani mwaka 1954, na ili usikie muziki ulivyokusudiwa ni lazima kifaa kiitwacho priampu ya fono kiigeuze kinyume. Kifaa hichohicho hukuza umeme mdogo unaotoka kwenye sindano, ambao ni wa milivolti chache tu. Wewe umechomeka waya moja kwa moja, kwa hiyo unasikia santuri ambayo haijageuzwa. Kabla hujatumia fedha, angalia nyuma ya pleya yako: nyingi zina swichi ndogo yenye maandishi PHONO na LINE. Ukiikuta, ipeleke kwenye LINE. Usipoikuta, nunua priampu ya kawaida, au ipitishe kwenye amplifaya ya zamani yenye tundu la fono.

Sasa nije kwenye mashine, kwa sababu bila mashine huwezi kuelewa kwa nini walikata walivyokata. E-mu SP-1200, mashine ya kuchukua sampuli iliyotoka mwaka 1987, ilikuwa na nafasi ya sekunde 10 hivi kwa jumla, na kipande kimoja hakikuweza kuzidi sekunde 2.5. Chukua mdundo wa mapigo 92 kwa dakika. Baa moja ya mapigo manne ni sekunde 2.6. Haiingii, imezidi kwa kitu kidogo sana, na mtayarishaji amekesha akiitafuta. Walichofanya ni kuipiga santuri ya mizunguko 33 kwa dakika kwa kasi ya mizunguko 45, ili baa ileile ipite kwa sekunde 1.9, wakairekodi ikiwa na sauti ya kitoto, kisha ndani ya mashine wakaishusha hadi kasi yake ya awali. Mashine hiyo ilirekodi kwa biti 12 tu na vipimo vya sauti zaidi kidogo ya 26,000 kwa sekunde, kwa hiyo sauti iliyoshushwa namna hiyo ilitoka na ukwaruzo, na snea, ile dram yenye mlio mkali, ikawa nene kama iliyofungwa kwa gunia. Ukwaruzo huo ambao leo watu wanaununua ndani ya programu ulitokana na uhaba wa nafasi.

Jambo moja zaidi, kwa kuwa ndugu yetu wa Yonkers ametaja wimbo wa mwisho wa upande. Pleya huzunguka kwa kasi ileile wakati wote, lakini duara la mfereji huzidi kuwa dogo sindano inapokaribia lebo. Kwenye santuri ya inchi 12, sindano hupita takriban sentimita 50 za mfereji kwa sekunde mwanzoni, na takriban sentimita 21 tu mwishoni. Wimbi lilelile linabanwa ndani ya nafasi ndogo zaidi, na sauti za juu hufifia. Ukiona vipande vya nyimbo za mwisho vina giza na ulaini fulani, usihangaike kuvirekebisha haraka. Visikilize kwanza, huenda ndivyo ulivyovitaka.

Safisha santuri zako kabla ya kurekodi, kwa kitambaa laini na maji yaliyochujwa yenye tone la sabuni, ukifuata mzunguko wa mfereji. Maji yasiguse lebo.

Kipaza

Mimi naheshimu historia, ila naomba nitoe maoni tofauti ili mwenzetu asijilaumu bure. Mtayarishaji wa mwaka 1990 alitumia santuri kwa sababu ndiyo iliyokuwepo, ilikuwa rahisi, na watu waliohamia kanda na CD walikuwa wanaziuza kwa bei ya kutupa. Wimbo uliohamishwa vizuri kwenye faili ambalo halijabanwa ni wimbo uleule. Sioni kwa nini kijana wa Temeke atumie mshahara kununua plastiki ili apate kipande ambacho angekipata nyumbani.

Mkaazi wa Yonkers

Ndugu Kipaza, kuhusu faili una haki, na sitamwambia mtu yeyote kwamba mdundo uliotoka kwenye faili ni mdundo bandia. Ila kuna jambo ambalo halimo katika hesabu yako. Kwenye intaneti unatafuta kitu ambacho tayari unalijua jina lake, au unapewa kile ambacho wengine wamekisikiliza. Hali hii iliwahi kutokea hata kwenye santuri: kuanzia mwaka 1986 hadi 1991 zilitoka santuri 25 za mfululizo wa "Ultimate Breaks and Beats", zilizokusanya breki maarufu za madijei wa Bronx mahali pamoja. Zilisaidia sana, na midundo mingi ya miaka hiyo imepita humo. Lakini kila mtu alipokuwa na breki zilezile, waliokuwa na wivu wa kazi yao walilazimika kurudi kwenye vumbi kutafuta ambazo hazimo. Singo ya Nairobi aliyonayo BitiZaTemeke inawezekana kabisa haimo kwenye intaneti.

Mama Santuri

Mwanangu BitiZaTemeke, nimesoma swali lako tangu asubuhi na nimeona ajabu kwamba hakuna aliyekuuliza habari za hiyo singo. Nimekusanya santuri za Afrika Mashariki hapa Nairobi tangu zilipokuwa zinauzwa mpya, na hizo za hip hop nimezijua kupitia mwanangu wa pili, kwa hiyo nitasema ninalolijua.

Nyimbo za dansi zilikuwa ndefu, na singo ya inchi 7 haikuweza kuzibeba kwa upande mmoja. Kwa hiyo mara nyingi ziligawanywa, sehemu ya kwanza upande A na sehemu ya pili upande B. Upande A una hadithi: mwimbaji anamlaumu mpenzi, anamwaga ushauri, anataja majina. Upande B ndiko wimbo unakochemka. Waimbaji wanapungua, gitaa la solo linapanda, gitaa la pili linashika mzunguko wake na kuurudia bila kuchoka, na ukibahatika drams na besi zinaachiwa peke yake kwa muda. Ninyi watu wa Dar es Salaam mnaiita chemko, wengine wanaiita sebene. Kwa maelezo ya huyu ndugu wa Yonkers, naona ndiyo breki yenyewe, ila kwetu ilipewa upande mzima. Ukiisikiliza dakika ya kwanza ya upande A na kuiweka chini, umeondoka mlangoni kabla chakula hakijapakuliwa.

Ujue pia kwamba singo hiyo ni kitu cha kutunzwa. Tanzania nyimbo nyingi zilirekodiwa kwenye tepu za Radio Tanzania na hazikuwahi kuwa santuri, na bendi zilizotaka santuri zilisafiri hadi huku Nairobi kuzichapisha.

Na ukikutana na santuri nzito za mizunguko 78, zile zinazovunjika kama sahani ya udongo, usizisafishe kwa spiriti hata kidogo. Zimetengenezwa kwa shelaki, na spiriti huiyeyusha. Mimi niliharibu taarab ya marehemu mama yangu kwa namna hiyo nikiwa msichana, na ile sauti sijaipata tena popote.

Haki ya Mtunzi

Nimesubiri kuona kama kuna atakayeuliza kipande ni cha nani. Nimefanya kazi za hakimiliki, na naomba tusilipite.

Santuri moja ina haki mbili ndani yake. Ya kwanza ni ya utunzi, yaani maneno na tuni ya wimbo. Ya pili ni ya rekodi, yaani sauti iliyonaswa siku ile studio. Ukikata kipande umezigusa zote mbili, na wenye haki hizo mara nyingi ni watu tofauti. Marekani wengi walilichukulia jambo hili kwa mzaha hadi Desemba 1991, mahakama ya shirikisho ya New York ilipoamua dhidi ya rapa Biz Markie na kampuni zilizohusika na santuri yake kwa kuchukua kipande cha mwimbaji Gilbert O'Sullivan bila idhini, na ikazuia santuri hiyo isiendelee kuuzwa. Tangu hapo gharama za ruhusa zilipanda, na watayarishaji wengi wakaanza kukata vipande vidogo zaidi na kuvipanga upya hadi chanzo kisitambulike. Kundi la hip hop la De La Soul, ambao santuri yao ya kwanza ya 1989 ilishonwa kwa vipande vingi mno, walikaa hadi Machi 2023 ndipo kazi zao za awali zikaingia kwenye huduma za kusikiliza muziki mtandaoni.

Linaloniuma mimi ni la upande wa pili. Mwaka 1969 bendi ya The Winstons ilirekodi "Amen, Brother", na ndani yake Gregory Coleman akapiga drams peke yake kwa sekunde kama sita au saba. Sekunde hizo zimetumika katika maelfu ya nyimbo, na mitindo mizima ya Uingereza imejengwa juu yake. Coleman alifariki mwaka 2006 bila makazi, bila kulipwa chochote kwa sekunde zile. Kiongozi wa bendi, Richard Spencer, alichangiwa na wapenzi wa muziki pauni 24,000 mwaka 2015, na hiyo ilikuwa hisani, hayakuwa malipo ya haki. Tunaposema walikuwa wananunua sekunde, tukumbuke kwamba walimlipa muuza duka. Mpiga drams hakuwamo katika mauzo hayo.

BitiZaTemeke

Shikamoo Mama Santuri, na ninawashukuru nyote. Nimechelewa kurudi kwa sababu nilitaka kwanza nifanye mlivyonielekeza.

Swichi ilikuwepo nyuma ya pleya, Fundi, imefunikwa na gundi ya karatasi ya bei. Nilipoihamisha, chumba kilijaa. Santuri ya kwaya ambayo niliidhani haina kitu ina gitaa la besi linalotembea chini ya sauti ya pili, na sikuwa nimelisikia hata mara moja.

Nimeigeuza ile ya Grover Washington Jr. na kusoma mgongo wake kwa mara ya kwanza. Inaitwa "Mister Magic", ni ya 1975. Aliyepanga muziki ni Bob James. Studio ni ya Van Gelder. Drams ni Harvey Mason. Nilikuwa nimeiwekea juu yake kikombe cha chai kwa wiki tatu. Ina nyimbo nne tu, na nimeusikiliza upande wa kwanza wote nikiwa nimekaa sakafuni. Upande wa pili nimeuacha wa kesho, ili niusikilize asubuhi masikio yakiwa mapya.

Singo nimeigeuza upande B kama Mama alivyosema. Kabla ya mwisho gitaa la solo linanyamaza, linabaki gitaa la pili pamoja na kiki, ile dram kubwa ya mguu, na kitu kama chupa inayogongwa kwa kijiko, kwa sekunde nne. Nimezirekodi. Nimezizungusha usiku kucha na hazijanichosha. Sitazitoa hadharani kabla sijamjua mwenye nazo. Kwenye lebo kuna jina la bendi, na chini yake kwa herufi ndogo jina la mtunzi, lakini herufi tatu za mwisho zimechubuka. Mama, naweza kukutumia picha?

Mama Santuri

Marahaba mwanangu. Tuma picha ya pande zote mbili, jioni hii nipo. Halafu chukua tochi, uiinamishe santuri chini ya mwanga, utazame ile nafasi tupu kati ya mwisho wa mfereji na lebo. Utaona namba na herufi zimechorwa kwenye plastiki yenyewe. Ziandike zote kama zilivyo, usiruke hata moja. Lebo huchubuka, lakini hizo hazifutiki, na kwa hizo nitaitafuta nakala yake katika makasha yangu, huenda jina likawa zima.